Kabla hujasema majitaka mji fulani ni bei chee, uliza kwanza bili yao imebeba nini ndani

Mpima Chemba (mwanzisha uzi)

Wakuu salama. Mi ni fundi bomba hapa Dar, mwaka wa kumi na nne huu nafungua chemba za watu, na kuna kitu kinanikera kila bili za maji zikipanda. Mtu anaweka bili yake humu, mwingine anajibu na ya Nairobi, wa Marekani naye anapiga picha ya kwake, afu linaanza zogo la nani anaibiwa na nani anaonewa huruma. Hamna hata mmoja anayeuliza ile laini ya majitaka imepatikanaje.

Tuanzie hapa. Nyumbani kwako hakuna mita ya majitaka. Haipo, wala haijawahi kuwepo, kwasababu bomba la majitaka halijai kama la maji safi, linatembea nusu, lina mafuta ya kupikia, lina nywele, lina matambara, mi nimeshatoa kwenye chemba mpaka sufuria ndogo ya uji. Mita yoyote ukiweka pale itakufa ndani ya wiki. Kwaiyo mji unafanya nini, unaangalia mita ya maji safi, unakadiria kiasi gani kimerudi kwenye bomba chafu, na hayo makadirio ndo yanazaa bei. Kwetu hesabu inayotumika ni asilimia 80 ya maji uliyotumia, yani ukitumia uniti 20 (uniti moja ni lita 1,000) unahesabiwa umerudisha 16, zile nne wanachukulia umekunywa, umemwagia maua, umedekia. Afu hizo 16 zinazidishwa kwa bei ya majitaka ambayo ni bei tofauti kabisa na ya maji.

Nairobi wao walizoea kuchukua asilimia 75. Sasa mtu akiona 80 na 75 anaruka na kusema oo Nairobi nafuu. Sio kitu kimoja jamani! Yetu ni asilimia 80 ya UJAZO, yao ni asilimia 75 ya HELA ya maji. Bei ya maji ikipanda kwao, majitaka yamepanda hapohapo hata kama kule mwisho wa bomba hakuna pampu mpya wala nini. Kwetu ya majitaka inaweza kukaa palepale maji yakapanda, au kinyume chake.

Na hapo nimeongelea waliounganishwa tu. Dar kaya zenye bomba la majitaka ni chache mno, wengi tuna shimo au karo, tunaita gari la kunyonya majitaka. Hilo ndo nataka tuliongee maana kila mkilinganisha miji mnamsahau huyu mtu wa gari. Mwezi wa nne nimeita gari kwenye nyumba ninayoisimamia, wapangaji sita, tripu moja elfu tisini, tenki lita 5,000. Piga hesabu, hiyo ni elfu 18 kwa uniti moja. Kuna mtu gani wa bomba hapa Dar analipa elfu 18 kwa uniti?

Karibuni, ila mje na bili sio matusi.

Kijana wa Umoja

Mkuu niko Nairobi, umesema ukweli kuhusu hio 75 na acha niongeze kitu ambacho watu wa table za kulinganisha hawaionangi. Tarifu ya 2015 ilikuwa hivi, uniti 0 mpaka 6 ni shilingi 204 flati, kuanzia 7 mpaka 60 ni 53 kila uniti, kupita 60 ni 64. Imeshabadilishwa lakini muundo ni ule ule, ukitumia kidogo bei ya chini, ukitumia mingi bei ya juu, ati ndio kumlinda maskini.

Sasa wewe kuja huku Eastlands uone maskini anaishi wapi. Tunaishi ploti. Mita ni moja, iko kwa jina ya landlord, familia ni kumi na mbili. Kila familia ikitumia uniti 6 tu, ile ya chini kabisa, ploti imetumia 72. Fanya hesabu na hizo bei za wakati ule, ya kwanza 204, zile 54 zinazofuata ni 2,862, kumi na mbili za mwisho ni 768, jumla 3,834. Weka majitaka asilimia 75, ni kama 2,875. Bili ya ploti 6,700 na kitu. Gawanya kwa kumi na mbili, kila nyumba 559.

Na mtu mwenye mita yake peke yake akitumia hizo hizo uniti 6? 204 ongeza 153 ya majitaka, 357. Kwa hivyo mama wa single room analipa 559 na mtu wa apatimenti ya kujitegemea analipa 357 kwa maji sawasawa, na karatasi inasema huyo mama ndiye analindwa. Mimi hii kitu inaniuma kwa sababu nimeishi hio maisha, na landlord wetu juu ya hio alikuwa anaweka zake.

Mpima Chemba

Kijana wa Umoja umenifungua macho, hiyo ya ploti sikuwahi kuipigia hesabu hivyo. Huku kwetu nyumba za kupanga ni hadithi ileile, mita moja vyumba nane, afu mnagawana kwa vichwa na mwenye watoto watano anakuwa adui wa nyumba nzima.

Mswahili wa Chicago

Wadau, mi niko Chicago mwaka wa tisa, nina nyumba kwaiyo bili naiona kwa macho yangu. Hapa majitaka ni asilimia 100 ya hela ya maji. Ndio, mia kwa mia. 2012 ilikuwa 89, ikaenda 92, ikaenda 96, tangu 2015 ni 100. Ukitumia maji ya dola 40 majitaka ni dola 40 nyingine. Mtu akiiangalia juujuu atasema Chicago wametuzidi wote kwa ubaya.

Ila sasa angalia vizuri. Hiyo 100 ni ya jiji, na jiji kazi yake ni mabomba ya mtaani tu. Kusafisha majitaka yenyewe, ile mitambo mikubwa, ni mamlaka nyingine kabisa inaitwa Metropolitan Water Reclamation District, hao ndo walioanzia enzi za kugeuza mto Chicago mwaka 1900 ili uchafu usiende ziwani kwenye maji ya kunywa. Hao hawaniletei bili ya mwezi. Wanakula kwenye kodi ya jengo. Kwaiyo ukiweka bili yangu kwenye jedwali karibu na mji ambao kila kitu kiko kwenye bili moja, Chicago itaonekana nafuu kuliko ilivyo, kwasababu nusu ya habari iko kwenye karatasi ya kodi ambayo mwenye jedwali hakuifungua.

Na kinyume chake pia kipo. Kwenye bili hiyohiyo ya maji kuna hela ya kuzoa taka, dola 9.50 kwa mwezi tangu 2016, afu kuna kodi ya maji na majitaka iliyoanza 2017 ambayo inaenda kwenye mfuko wa pensheni za wafanyakazi wa jiji. Pensheni! Ni deni la kweli na lazima lilipwe, sawa, ila sio bomba. Na kuna nyumba nyingi za zamani hazina hata mita, wanakadiria kwa ukubwa wa jengo na idadi ya vitu vya bomba vilivyomo.

Mhasibu Mwenge

Mpima Chemba, kaka, nia yako nzuri ila hesabu yako ya elfu 18 ina tatizo na usipoirekebisha watu wa mamlaka watakumaliza nayo kwenye dakika mbili. Unalinganisha uniti ya maji yaliyopita kwenye bomba na uniti ya tope lililovutwa shimoni. Kwenye shimo maji mengi yanazama ardhini, kinachobaki ni kizito. Hizo lita 5,000 ulizovuta ni mabaki ya maji mengi zaidi ya hayo waliyotumia wale wapangaji. Linganisha kwa mwaka kwa kaya, hapo utakuwa umesimama pazuri.

Pili, tuwe wa haki kwenye suala la nani anapanga. Mamlaka haiamki asubuhi ikapandisha. Inapeleka maombi EWURA, yani mdhibiti wa huduma za nishati na maji, pamoja na hesabu zake, umeme wa pampu, mishahara, matengenezo, uchakavu, mikopo ya kulipa, makadirio ya mapato, afu EWURA anaitisha mkutano wa taftishi, wananchi wanaongea, baraza la watumiaji linatoa maoni, ndo inatoka amri ya bei ya miaka kadhaa. Kenya mdhibiti wa maji ni WASREB. Hao wote wawili kila mwaka wanatoa ripoti ya kulinganisha mamlaka za maji, nani anavujisha, nani anakusanya, nani ana wateja wangapi wa majitaka. Kwaiyo kulinganisha kupo, na sio kwa kubahatisha.

Na kuna kitu hamjakigusa, nani alijenga bomba. Bomba likijengwa kwa msaada au kwa hela ya serikali kuu, bili inabeba uendeshaji tu na mji unaonekana wa bei chee. Likijengwa kwa mkopo, bili inabeba mkopo na riba miaka ishirini. Marekani sheria yao ya maji ya 1972 serikali kuu ilikuwa inalipa mpaka asilimia 75 ya mtambo, afu baada ya 1987 ruzuku ikageuzwa mikopo. Miji iliyochelewa kujenga ikaumia kuliko iliyowahi. Ukilinganisha bili zao leo bila kujua hilo utadhani mmoja ana menejimenti mbovu kumbe alikosa tu zama za ruzuku.

Mpima Chemba

Mhasibu nakubali, umenirekebisha kwa haki na nairudia hesabu hapahapa watu waone. Ile nyumba iko bondeni, maji ya ardhi yako juu, mvua za masika shimo linajaa ndani ya wiki. Mwaka jana tuliita gari mara sita. Sita mara elfu tisini ni laki tano na elfu arobaini.

Sasa tuichukulie nyumba hiyohiyo ingekuwa na bomba. Wanatumia uniti 20 kwa mwezi wote sita, maana wanabana, asilimia 80 ni 16. Sitaki kubishana na mtu kuhusu bei kwaiyo naweka bei ya mfano tu, elfu moja kwa uniti. Elfu 16 kwa mwezi, laki moja na elfu tisini na mbili kwa mwaka. Gari ni karibu mara tatu, kaka. Imeshuka kutoka kwenye ile hesabu yangu ya kutisha ila bado mtu wa shimo analipa zaidi, na analipa kwa mkupuo. Elfu tisini kwa siku moja, sio elfu 16 kwa mwezi. Ndo maana watu hawaiti gari mpaka limefurika.

Mama Naima

Naomba na mimi niseme, huwa nasoma tu humu. Mimi mtaa wetu uko jirani na mabwawa ya majitaka. Magari yanapita mlangoni kwangu tangu alfajiri, mengine mfuniko haufungi vizuri, likiingia kwenye shimo la barabara linamwaga, watoto wanapita na viatu vya shule. Uchafu wa watu wa mbali unakuja kwetu lakini sisi wenyewe hatuna bomba. Nyumba yangu ina shimo. Bwawa naliona nikisimama dirishani!

Halafu nyie wanaume mmepiga hesabu za gari, mmesahau wasio na elfu tisini. Mvua ikianza usiku, majirani wanatapisha. Wanatoboa shimo pembeni, linakwenda na maji ya mvua mpaka mtaroni. Asubuhi hakuna aliyefanya. Au wanawaita vyura, vijana wanaingia shimoni kwa mikono yao, usiku, kwa hela ndogo, wanafukia palepale uani. Mwaka wa juzi kipindupindu kilipita mtaa wetu, hiyo nayo iwekeni kwenye hesabu.

Mpima Chemba

Mama Naima shikamoo. Nimesoma mara mbili. Mi mwenyewe wale vijana nawajua kwa sura, mmoja tulifanya wote kazi, kifua kimeisha akiwa na miaka thelathini na kitu. Kwenye jedwali la kulinganisha bei za miji huyo kijana yuko safu gani? Hayupo, na bei ya kutapisha inaandikwa sifuri kwasababu haina risiti, kumbe ndo ghali kuliko zote.

Mtu wa Dallas

Bonjour wandugu, miye ni wa Bukavu, niko Dallas. Huku wako na njia ingine ya kuhesabu, nimeipenda. Wanaangalia maji uliyotumia miezi ya baridi, desemba mpaka machi, wanatafuta wastani, na huo wastani ndio unakuwa majitaka yako ya mwaka. Sababu ni kwamba wakati wa joto watu wanamwagilia majani sana, na yale maji hayarudi kwa bomba chafu, basi kwa nini ulipe. Mwaka wetu wa kwanza hatukujua, wageni walikuja noeli, watu kumi na mmoja ndani ya nyumba wiki tatu, wastani ukapanda. Sasa desemba mke wangu anafunga robinet nyuma ya kila mtu.

Mswahili wa Chicago

Hahaha Dallas nimekupata. Na wakuu kabla sijasahau, kuna mji mnapaswa kuujua, Birmingham ya Alabama, kaunti inaitwa Jefferson. Walishurutishwa kisheria mwaka 1996 kurekebisha mabomba ya majitaka maana yalikuwa yanamwaga mitoni. Wakakopa, wakakopa tena ili kulipa mkopo kwa mikataba ya riba ambayo hata waliosaini hawakuielewa, rushwa ikaingia, viongozi wakafungwa, na Novemba 2011 kaunti ikatangaza kufilisika, deni la majitaka peke yake zaidi ya dola bilioni 3. Wanaolipa mpaka leo ni wenye nyumba, wakiwemo weusi wa kipato cha chini. Ukiona bili yao ni kubwa usidhani wana bomba bora. Wanalipia mikataba.

Afu hapa Marekani kuna kipimo cha kusema bili ni ghali au la, EPA, mamlaka ya mazingira ya serikali kuu, mwaka 1997 waliweka kwamba majitaka yakizidi asilimia 2 ya kipato cha kaya ya katikati, yani ile inayoangukia katikati ukizipanga kaya zote za mji kwa kipato, basi mzigo ni mkubwa. Shida yake ni hilo neno katikati. Mji wenye mabosi wengi unapita mtihani wakati nusu ya mtaa fulani inakatiwa maji. Philadelphia ndo walikuja na kitu cha maana mwaka 2017, mwenye kipato kidogo bili yake ya maji na majitaka na maji ya mvua inapangwa kwa asilimia ya kipato chake, 2 mpaka 4. Sio kwa uniti.

Dada wa London

Kwa faida ya uzi, huku Uingereza kuna bei ya maji ya mvua ndani ya bili ya majitaka. Mvua inayotoka kwenye paa lako ikiingia bomba la mji unailipia, ukithibitisha inazama kwenye bustani yako wanakupunguzia. Wengi hawajui wanalipa tu. Na watu wa mto Thames tunalipia handaki jipya la majitaka la kilomita 25, limeingizwa kwenye bili zetu, kwasababu mabomba ya zamani yanachanganya mvua na choo, mvua kidogo tu ilikuwa inamwaga uchafu mtoni.

Mwanafunzi Ardhi

Wakuu nina kazi ya darasa kuhusu hili. Kwaiyo nikitaka kulinganisha miji mitatu kwa haki nafanyaje?

Mpima Chemba

Mdogo wangu, usianze na bei, anza na kaya. Chukua kaya moja, watu watano, uniti 15 kwa mwezi, ipeleke kila mji kama vile unahamisha familia ile na ndoo zake. Kila mji uulize wanahesabu majitaka kwa ujazo, kwa hela ya maji, au kwa wastani wa baridi kama wa Dallas. Tafuta na ile hela isiyobadilika ambayo unalipa hata ukisafiri, maana hiyo ndo inamuumiza bibi anayeishi peke yake. Ukimaliza bili nenda kwenye kodi ya jengo kama ya Chicago, nenda kwenye maji ya mvua, toa pensheni na takataka. Uliza nani alijenga bomba na mkopo umebaki kiasi gani. Mita iko moja kwa kaya au moja kwa ploti, usiache hiyo ya Kijana wa Umoja, ni dhahabu.

Afu ukimaliza yote, weka safu ya mwisho ya mtu wa shimo, gari kwa mwaka, na uandike ni asilimia ngapi ya mji wako wako kwenye safu hiyo. Kwa Dar hiyo safu ndo mji wenyewe, zile nyingine ni pembeni.

Na msimamo wangu niuseme wazi. Ouagadougou kule Burkina Faso waliweka tozo ya usafi kwenye bili ya maji ya kila mteja, mwenye bomba la majitaka na asiye nalo, na hela ile ikasaidia watu kujenga vyoo vya nyumbani. Mi nataka kitu cha namna hiyo kiulizwe kwetu. Kwasababu anayelipa majitaka kidogo leo katikati ya mji analipa kidogo kwenye bomba lililojengwa na kodi ya wote, na Mama Naima ni miongoni mwa hao wote.

Mhasibu Mwenge

Hapo kaka tuko pamoja, ila jiandae na swali la mwenye bili: kwanini nilipie shimo la jirani.

Mpima Chemba

Namjibu hivi, kisima chako kiko mita ngapi kutoka shimo la jirani? Dar watu wangapi wanachanganya maji ya mita na ya kisima. Mi nimepima, nyumba nyingi hazifiki mita kumi na tano.

Mama Naima

Mwanangu, huo mkutano wa taftishi ukitangazwa, mtu asiye na bomba anaruhusiwa kuongea?

Mpima Chemba

Anaruhusiwa mama, ni mkutano wa wananchi. Tangazo linawekwa kwenye magazeti, nikiliona naliweka hapa na nitakupitia na bajaji. Ila usiende mikono mitupu, beba risiti za gari, zote ulizonazo, wao wanaongea kwa namba.

Mama Naima

Ninazo nne. Moja wino umefutika lakini tarehe inasomeka.